Pistol na Boo: kosa lililotendeka miezi sita kabla ya ndege kuruka

Aprili 21, 2015, ndege binafsi ilitua Brisbane, Australia, ikiwa na waigizaji wawili mashuhuri wa Marekani, Johnny Depp na Amber Heard, ambao wakati ule walikuwa mume na mke. Depp alikuwa anarejea Gold Coast kuendelea na upigaji wa filamu baada ya kwenda kwao kutibiwa mkono ulioumia. Ujio wao ulijulikana. Ambao hawakujulikana ni Pistol na Boo, mbwa wawili wa aina ya Yorkshire terrier, wadogo kiasi cha kubebwa kwenye mkoba. Fomu ya abiria anayeingia Australia huuliza waziwazi kama umeleta mnyama. Fomu ya Heard ilijibu hapana, na mbwa wakatoka uwanjani pamoja na wenyewe.

Yaliyofuata yaligeuka kichekesho cha dunia nzima. Waziri akatishia kuua mbwa, watu mitandaoni wakacheka, mahakama ikatoa adhabu nyepesi, habari ikapoa. Nimeamua kukichambua kisa hiki upya kwa sababu watu wanaotaka kusafiri na paka au mbwa wao hukisoma juu juu, wakaondoka na onyo moja tu: usiseme uongo kwenye fomu. Onyo hilo ni sahihi, ila haligusi kiini cha tatizo. Siku ile Heard angejibu ndiyo, Pistol na Boo bado wasingeruhusiwa kuingia. Kilichowafungia mlango kilikuwa kimeshatokea mwaka uliotangulia, huko huko Marekani, pale ambapo hakuna aliyeanza kutafuta kibali chao kwa wakati.

Picha za saluni

Kwa zaidi ya wiki mbili mbwa waliishi Gold Coast bila serikali kuwa na habari. Siri ilivuja kwa njia ya kawaida kabisa. Walipelekwa kwa mtu anayeogesha na kukata manyoya ya mbwa, naye, kama ambavyo wengi wangefanya wakiletewa mbwa wa nyota wa filamu, akaweka picha zao Facebook. Maafisa wakaziona kama watu wengine wote walivyoziona.

Mei 14, waziri wa kilimo wa wakati huo, Barnaby Joyce, alitoa tangazo mbele ya waandishi wa habari. Wenye mbwa walikuwa na takriban saa 50: wawarudishe Marekani, la sivyo wangeuawa. Akakumbusha kwamba mtu hata akiwa ametajwa mara mbili kuwa mwanamume mwenye mvuto kuliko wote duniani, hapati sheria yake ya peke yake. Watu maelfu wakatia saini ombi la kutaka mbwa wasiguswe. Mei 15 wakapandishwa ndege, wakaondoka.

Binafsi naona waziri alitia chumvi. Kutangaza kifo cha mbwa mbele ya kamera, huku ukihesabu saa, ni siasa kuliko ni afya ya wanyama. Hata hivyo ukiondoa mbwembwe, alichokisema ndicho sheria ilichokuwa inasema. Mnyama aliyeingizwa bila kibali huzuiwa, hurudishwa alikotoka au huuawa, na gharama ni za mwenye mnyama. Nchi nyingi zina vifungu vya aina hiyo, na vimeandikwa kwenye masharti ambayo msafiri hukubali bila kuyasoma. Tofauti ni kwamba kwa abiria asiye na jina, uamuzi hutolewa kimya kimya kwenye ofisi ya uwanja wa ndege na hakuna anayetia saini ombi lolote.

Tuhesabu kurudi nyuma

Tuseme Depp na Heard walitaka kufuata utaratibu. Wangehitaji nini ili mbwa wawe Australia Aprili 21?

Australia hugawa nchi kwa makundi kulingana na hali ya kichaa cha mbwa. New Zealand iko katika kundi jepesi kabisa. Marekani bara iko katika kundi la tatu, la nchi ambako ugonjwa upo lakini unadhibitiwa. Kwa kundi hilo mnyama huwekwa kwanza chipu ya utambulisho chini ya ngozi, kisha huchanjwa, kisha hutolewa damu ikapimwe kama chanjo imeshika. Kiwango cha kingamwili kinachokubalika ni angalau uniti 0.5 za kimataifa kwa mililita, nacho ndicho kinachotumika sehemu nyingi duniani. Baada ya hapo huja kungoja: siku 180 zinazohesabiwa tangu sampuli ya damu ilipofika maabara. Zisipotimia, mnyama hapandi ndege.

Ukihesabu siku 180 kurudi nyuma kutoka Aprili 21, 2015, unaangukia Oktoba 23, 2014. Damu ilipaswa kuwa maabara kabla ya tarehe hiyo. Chanjo nayo huhitaji wiki tatu au nne mwilini ili kingamwili zipande vya kutosha kupimwa. Kwa hiyo ni Septemba. Na chipu lazima iwepo kabla ya yote hayo, kwa kuwa bila chipu hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba damu iliyopimwa ni ya Boo na si ya mbwa wa jirani.

Hesabu haijaisha. Kibali cha kuingiza mnyama huombwa mapema na hutolewa baada ya karatasi kukaguliwa. Mbwa hupimwa pia magonjwa mengine kadiri tarehe ya safari inavyokaribia, hupewa dawa za minyoo na za kupe kwa vipindi vilivyopangwa, na hukaguliwa na daktari wa mifugo siku za mwisho kabla ya kuondoka. Halafu huja karantini, ambayo mwaka 2015 ilikuwa siku 10 kwa uchache, na vituo vyake havikuwa Brisbane; vilikuwa Sydney na Melbourne. Kwa maneno mengine, hata uwanja wa ndege waliotua haukuwa wa kushushia mbwa.

Ndiyo maana nasema lile jibu la kwenye fomu lilikuja mwishoni mwa kosa refu. Fomu ilikuwa nafasi ya mwisho ya kupunguza madhara: kusema ndiyo, mbwa wakazuiwa pale pale, wakarudishwa na ndege iliyowaleta. Ingekuwa aibu ya siku moja. Haingefika mahakamani.

Kwa nini miezi sita kwa mbwa wa mkobani

Hapa ndipo wengi hukasirika, na hasira yao naielewa. Mbwa wa mjini, anayelala kitandani na kuonana na daktari mara nyingi kuliko mwenyewe, ana hatari gani? Kwa Pistol na Boo jibu la haki ni kwamba uwezekano wa kuwa na kichaa cha mbwa ulikuwa mdogo sana. Lakini mpaka wa nchi haupimi mbwa mmoja mmoja kwa sura.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa ajabu kwa jinsi unavyojificha. Virusi huingia kwa jeraha la kung'atwa na kupanda polepole kupitia mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Muda huo mara nyingi ni wiki kadhaa hadi miezi miwili mitatu, na mara chache hufika mwaka. Wakati wote huo mnyama anakula, anacheza, anakulamba mkono. Dalili zikishaonekana, kwa binadamu au kwa mnyama, karibu kila mara mwisho ni kifo, hakuna dawa. Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo vya watu 59,000 hivi kila mwaka, karibu vyote vikitokana na kung'atwa na mbwa.

Basi kipimo cha damu na zile siku 180 hufanya kazi mbili tofauti, na watu huzichanganya. Kipimo huonyesha kwamba chanjo imefanya kazi, hivyo mnyama hatadhurika akikutana na virusi kuanzia hapo. Hakisemi chochote kuhusu mbwa aliyeng'atwa wiki moja kabla ya kuchanjwa. Kazi hiyo ya pili hufanywa na kalenda: kama virusi vilikuwa vimeshaingia, ndani ya miezi sita karibu kwa hakika vitajitokeza, na vitajitokeza nchi alikotoka. Ukiomba kupunguziwa siku kwa sababu majibu ya damu ni mazuri, unaomba kitu ambacho majibu hayo hayakiwezi.

Uingereza ilijifunza kwa upande wa pili. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ilitegemea karantini ya miezi sita, na kipimo cha damu hakikuwamo. Mwaka 1969, huko Camberley, mbwa aliyeletwa kutoka Ujerumani na kumaliza miezi yake sita yote akapatikana na kichaa cha mbwa muda mfupi baada ya kutoka. Kungoja peke yake hakukutosha. Nchi hiyo iliendelea na karantini hiyo hadi mwaka 2000, ilipoanzisha mpango wa wanyama wa nyumbani kuingia kwa chipu, chanjo na kipimo cha damu.

Na kama mtu anadhani mbwa mmoja hawezi kuharibu kisiwa kizima, atazame kaskazini ya Australia. Kisiwa cha Flores nchini Indonesia kilikuwa hakina kichaa cha mbwa hadi mwaka 1997, pale mbwa wachache walipoletwa kwa mashua kutoka upande wa Sulawesi. Watu wakafa, mbwa wakauawa kwa wingi, na ugonjwa ukabaki. Bali nayo ilikuwa salama hadi mwaka 2008. Ndani ya miaka michache vifo vya watu vikapita mia moja. Hakuna aliyeleta mbwa hao kwa nia mbaya. Kisiwa kisicho na kichaa cha mbwa kina mbwa wasiochanjwa, madaktari wasiokifikiria wakimwona mgonjwa, na hospitali zisizo na akiba ya chanjo ya baada ya kung'atwa. Usafi wenyewe ndio udhaifu wake.

Kichaa cha mbwa hakiko peke yake. Kuna bakteria aitwaye Ehrlichia canis, anayeenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa, kupe ambaye kaskazini mwa Australia alikuwako tangu zamani akiwa hana bakteria huyo. Kumpima mbwa kwa Ehrlichia lilikuwa sharti la kuingia. Mei 2020 maambukizi yakagunduliwa kwa mbwa wa Australia Magharibi ambao hawakuwahi kutoka nje ya nchi, kisha yakaonekana Jimbo la Kaskazini, na tangu hapo hayajaondoka. Mbwa wa jamii za mbali na miji, wenye kupe wengi na madaktari wachache, ndio walioumia zaidi. Pistol na Boo hawahusiki hata kidogo na hilo. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba orodha ndefu ya vipimo, ambayo mwenye mbwa huiona kama usumbufu wa makarani, inaorodhesha vitu ambavyo kweli huingia na kukaa.

Southport, mwaka mmoja baadaye

Julai 2015 Heard alifunguliwa mashtaka matatu. Mawili yalikuwa ya kuingiza mbwa kinyume cha sheria, na adhabu ya juu ilikuwa kifungo cha miaka 10 au faini ya zaidi ya dola 100,000 za Australia. La tatu lilikuwa la kutoa hati yenye maelezo ya uongo, yaani ile fomu. Depp hakushtakiwa.

Kesi ilimalizika Aprili 18, 2016, katika mahakama ya hakimu ya Southport, Gold Coast. Upande wa mashtaka uliyaondoa yale mawili mazito, naye akakiri lile la tatu. Hakimu hakuweka hatia kwenye rekodi yake. Alimwachia kwa sharti la mwenendo mwema la mwezi mmoja, kwamba akivunja sheria atalipa dola 1,000. Mahakamani ilichezwa pia video fupi ambayo wawili hao waliomba radhi, wameketi bega kwa bega wakitazama kamera, wakihimiza wageni waseme walichobeba. Video hiyo ilichekwa kuliko filamu zao nyingi.

Wapo waliosema adhabu hiyo ni dharau kwa watu wa kawaida wanaotozwa faini papo hapo kwa tunda lililosahaulika kwenye begi. Malalamiko hayo yana uzito. Lakini kwangu kitu cha kuchunguza ni utetezi kuliko adhabu. Wakili wa Heard alieleza kwamba mteja wake alikuwa amechoka na safari ndefu, na aliamini wasaidizi wao walikuwa wameshamaliza mambo ya karatasi za mbwa.

Tuichukue kauli hiyo kama ilivyo. Hata ikiwa kweli tupu, haielezi jibu la hapana. Fomu haiulizi kama mnyama wako ana kibali; inauliza kama umeleta mnyama. Mwenye karatasi zote kamili anapaswa kujibu ndiyo, na mwenye kuamini kwamba karatasi zipo kwenye mkoba wa msaidizi anapaswa kujibu ndiyo vilevile. Ukijibu ndiyo na kila kitu kiko sawa, hupotezi chochote zaidi ya dakika za kukaguliwa. Jibu la hapana halina hali yoyote ambamo linafaa, kama mbwa wapo.

Na hapa kisa cha matajiri kinakutana na maisha ya wengine. Wengi hatuna wasaidizi, lakini tuna mawakala wa kusafirisha wanyama, tuna ndugu aliyetangulia huko tuendako, tuna daktari wa mifugo aliyesema usijali. Wote hao wanaweza kujaza, kutafuta, kukumbusha. Saini inabaki yako. Ushauri wangu kwa anayetumia wakala ni kuomba nakala za kila hati na kukaa nazo mezani, chipu ikiwa imesomwa kwa mashine, na kulinganisha tarakimu zake 15 kwenye cheti cha chanjo, majibu ya damu, kibali na cheti cha afya. Tarakimu moja ikikosewa kwenye hati moja, ofisa wa upande wa pili ana haki ya kusema huyu si mnyama yule.

Mlango ambao hawakuupitia

Kuna swali lililoulizwa sana wakati ule: iweje mbwa wawili wapite uwanja wa kimataifa bila kuonekana? Jibu kubwa liko kwenye aina ya ndege.

Abiria wa kawaida hukutana na mkaguzi wake wa kwanza akiwa bado kwao, kwenye kaunta ya shirika la ndege. Shirika likimfikisha mnyama asiye na hati, mzigo wa kumrudisha na faini vinaweza kuliangukia lenyewe, kwa hiyo wahudumu wake huwa wakali kuliko hata maafisa wa nchi. Kwa Australia mbwa wa nyumbani haingii akiwa kwenye chumba cha abiria. Husafirishwa kama shehena iliyoorodheshwa, na shehena haina fomu ya kusahau kujaza. Uingereza nayo inataka hivyo kwa wanyama wa nyumbani wanaofika kwa ndege, isipokuwa mbwa wa kuwasaidia wenye ulemavu. Pistol na Boo wangepelekwa kwenye ndege ya abiria wasingeondoka ardhini. Ndege binafsi iliondoa kaunta, ikaondoa orodha ya shehena, ikaondoa kizimba, ikaacha kizuizi kimoja tu: kipande cha karatasi mkononi mwa mtu aliyechoka.

Ukali huo wa kaunta humuudhi msafiri, nami nimesikia malalamiko mengi juu yake. Lakini afadhali kukwama ukiwa bado kwenu, ambako mbwa anaweza kurudi nyumbani na kungoja, kuliko kukwama upande wa pili wa dunia ambako chaguo ni kizimba cha karantini au ndege ya kurudi. Kwa nyaraka za safari, kukataliwa mapema ni heri.

Kizimba chenyewe nacho kina sheria zake. Kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, za kusafirisha wanyama hai zinataka mnyama aweze kusimama bila kugusa dari, kugeuka, na kulala akijinyoosha. Dawa za usingizi hazishauriwi, kwa kuwa huvuruga pumzi na mapigo ya moyo angani. Mashirika mengi hukataa mnyama aliyelazwa kwa dawa. Mbwa na paka wenye pua bapa, kama bulldog, pug na paka wa Persian, hupumua kwa shida kwenye joto na msongo, na mashirika kadhaa hayawapokei kabisa kama shehena. Hili huwashtua wenye mbwa hao wakati nauli imeshalipwa.

Kosa lile lile kwa sura nyingine

Mtu asiye na ndege binafsi hukosea mahali pengine, ila muundo wa kosa ni ule ule: kuanza na tiketi badala ya kalenda. Linaloumiza zaidi ni kuchanja kabla ya kuweka chipu. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hauitambui chanjo iliyotolewa kabla ya chipu. Mbwa anaweza kuwa amechanjwa kila mwaka maisha yake yote, na kwa karatasi akahesabiwa hajachanjwa. Huanza upya: chipu, chanjo, siku 21 za kungoja. Akitokea nchi isiyo kwenye orodha ya Umoja huo, hutolewa damu si mapema kuliko siku 30 baada ya chanjo, kisha hungoja miezi mitatu tangu damu ilipotolewa. Mtoto wa mbwa au paka hawezi kuanza kuchanjwa kabla ya wiki 12, kwa hiyo mnyama wa miezi minne kutoka nchi kama hiyo hana njia ya kuingia, hata mwenyewe alie vipi.

Lakini mkaazi wa Ulaya anayekwenda kwa muda nchi isiyo kwenye orodha akampima mnyama damu kabla ya kuondoka, na majibu yakawa mazuri na chanjo ikaendelezwa bila kukatika, harudii ile miezi mitatu akirejea. Nimeona watu wakikwama kwa kukosa tu habari hiyo: walikwenda kwanza, wakakumbuka kipimo siku ya kurudi.

Marekani walikotoka Pistol na Boo nayo imekaza. Tangu Agosti 1, 2024, mbwa anayeingia huko lazima awe na umri wa miezi 6 au zaidi, awe na chipu, aonekane mwenye afya, na fomu yake ijazwe kwa kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC. Akiwa alikaa katika nchi yenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa ndani ya miezi 6 iliyopita, masharti huongezeka. Na ndani ya Marekani hiyo hiyo kuna Hawaii, jimbo lisilo na kichaa cha mbwa: mbwa au paka akitoka Los Angeles kwenda Honolulu bila chipu, chanjo na kipimo cha damu vilivyokamilika mapema, anaweza kukaa karantini hadi siku 120. Japani hutaka chanjo mbili, kipimo cha damu, siku 180 za kungoja, na taarifa siku 40 kabla ya kufika.

Wenye paka hudhani haya yote ni ya mbwa. Kwenye visiwa na nchi zisizo na kichaa cha mbwa, paka hupita njia ile ile ya chipu, chanjo, damu na kungoja. Anachosamehewa ni baadhi ya vipimo vya magonjwa ya mbwa, na dawa ya tegu ambayo mbwa hupewa kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia nchi kama Finland, Ireland, Malta na Uingereza. Paka ana ugumu wake mwingine: hachukui safari kwa utulivu, na paka aliyetoka kizimbani uwanja wa ndege harudi kwa kuitwa. Kizimba kikae wazi nyumbani kwa wiki nyingi kabla ya safari, awe analala humo kwa hiari yake.

Kama wangeniuliza

Australia imebadilika tangu kisa kile. Sheria ya karantini ya mwaka 1908 iliyotumika kumshtaki Heard ilipisha sheria mpya ya usalama wa kibiolojia Juni 2016. Wanyama wa nyumbani wanaohitaji karantini sasa huletwa kituo kimoja, Mickleham, nje kidogo ya Melbourne. Tangu Machi 2023, mnyama anayekaa siku 10 ni yule ambaye utambulisho wake ulithibitishwa kwa njia rasmi kabla ya kutolewa damu ya kipimo. Asiyethibitishwa hukaa siku 30. Sharti hilo jipya linaongeza hatua nyingine mwanzoni kabisa mwa kalenda, na mtu aliyemaliza kipimo ndipo akasikia habari zake ana mawili: akubali siku 30, au atoe damu upya na kuanza kuhesabu.

Kwa safari kama ile, ya kazi ya miezi michache, ningewashauri wawaache mbwa nyumbani na mtu wanayemzoea. Miezi sita ya maandalizi, safari ndefu kwenye kizimba, siku 10 karantini, kisha safari ya kurudi, vyote ili mbwa wapate wiki chache za hoteli, ni mzigo unaobebwa na mnyama kwa raha ya mwenyewe. Anayehama moja kwa moja ana hesabu nyingine, na kwake miezi minane au tisa kabla ya tarehe ya kuhama ndio wakati wa kumpeleka mnyama kwa daktari akasomwe chipu. Kama chipu haisomeki, au haipo, siku hiyo ndiyo ya kuweka mpya, na chanjo ifuate nyuma yake.